Wimbo wa Kukataa Chai ya Riziki

Wifi yangu Riziki ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni viti. Mtu akipita mbele ya uzio wake hapa Rumonge, hata kama amepotea njia tu, ataitwa, atavutiwa kiti na kutiwa kikombe cha chai mkononi kabla hajamaliza salamu yake ya amahoro. Wavuvi wa Gatete wanamjua, wauza mawese wa Kigwena wanamjua. Alikuja askari kuuliza habari za mbuzi aliyeibiwa, akakaa, akanywa, akaongezwa, akaondoka anashukuru, na habari za mbuzi hakuuliza tena. Mimi Fahima, niliyeolewa na kaka yake Jamali, ndiye ninayesaidia kuosha vikombe, kwa hiyo ninajua ninachosema.

Kazi yake ni kukausha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya waya nyuma ya nyumba. Mume wake alifariki watoto wangali wadogo. Akawasomesha kwa ndagala, akawaoza kwa ndagala, wote wakaenda Bujumbura na nyumba ikabaki kimya. Tukimwambia aolewe tena, anajibu, "Nani atanitaka mimi, nanuka samaki?" Halafu anacheka, na sisi tunacheka. Nikifika nyumbani nakasirika peke yangu, maana mwanamke mzuri vile kusema maneno hayo ni dhambi.

Basi akaja Mustafa. Huyu ni fundi wa moteri za mitumbwi, mtoto wa Buyenzi kule Bujumbura, mwanamume mzima aliyefiwa na mke, ana mvi kwenye ndevu, na maneno hana. Ukimwuliza habari za asubuhi anaangalia viatu vyake. Lakini mpe gitaa, weee! Analo la umeme, analiunga kwenye batri ya mtumbwi na kupiga roki, muziki wa kupasua masikio, huku anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Vijana wa bandarini wanampenda mno. Mimi nikimsikia nafunga dirisha.

Alikuja kutengeneza moteri ya Jamali na Riziki. Moteri ikapona, fundi akaendelea kuja. Leo amesahau spana, kesho anataka kusikiliza moteri inavyolia, na moteri yenyewe iko ziwani. Kila akija, Riziki huyo: karibu fundi, kiti hiki, chai hii. Fundi anakaa, anakunywa, anashukuru, murakoze, anakwenda zake. Na Riziki akaanza kupaka wanja asubuhi. Wanja, jamani, wa kugeuzia ndagala! Niliona, nikanyamaza, nikafurahi moyoni.

Halafu ukatoka wimbo. Binti yangu Aisha aliuleta kwenye telefone, tuko kwenye waya za samaki, mimi na Riziki na Vestine, jirani yetu aliyetoka Uvira. Gitaa likalia, Mustafa akapasuka:

"Sitaki chai yako!
Sitaki kiti chako!
Niache juani nisimame!
Nikikaa, nimekwisha!"

Sasa, sisi Waswahili wa hapa tumekulia kwenye nyimbo za arusini. Kwetu wimbo hautupwi hewani bure, wimbo una mwenyewe. Mwimbaji hataji jina, lakini mtaa mzima unajua nani amerushiwa, na aliyerushiwa lazima ajibu, la sivyo amekubali. Na hapa Rumonge nani mwingine ana chai na viti?

"Toba!" nikasema. "Riziki, umetukanwa."

"Rudisha," Riziki akasema. Aisha akarudisha. Tukasikiliza tena, na tena. Nikawachambulia mstari kwa mstari. Anayekataa chai ya mtu amemkataa mtu mwenyewe, hilo mutoto mudogo anajua. Lakini ule mstari wa mwisho, akikaa amekwisha! Amekwisha kwa nini? Kwa sababu chai ina kitu. Fundi anatangaza bandari nzima kwamba wifi yangu anatia limbwata kwenye chai ili apate mwanamume!

"Na kelele zote hizo," nikamaliza, "ni hasira tupu."

Vestine akatikisa kichwa. "Eka, Mama Aisha. Mimi nasikia analia. Kanisani kwetu anayepiga kelele hivyo siyo mwenye hasira. Ni mwenye kuomba."

"Anaomba nini na amekataa chai?" Nikamfokea.

Riziki aligeuza ndagala wake, akageuza waliokwisha kugeuzwa, mwisho akasema polepole, "Fahima, mimi nilikuwa naona raha akija." Nilitamani kwenda kulitia lile gitaa ziwani.

Wimbo ukaenea. Ukienda sokoni unausikia, ukienda kwa muuza mawese unausikia. Watu wakawa wanapita mbele kwa Riziki, anawaita, wanasema wana haraka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, viti vyake vilikaa vitupu. Wanja ukaisha usoni. Na arusi ya Aisha ilikuwa imefika, na Jamali, mume wangu mwenye akili nyingi, alikuwa amekwisha kumwalika Mustafa aje apige muziki. Nikamwambia mwite umkataze. Akasema neno la mwanamume halirudishwi. Nikamwambia neno langu je? Akaenda kutazama mtumbwi.

Riziki ndiye aliyetuliza ugomvi. "Aje," alisema. "Atakunywa chai yangu mbele ya watu wote. Asipodhurika, watajua haina kitu. Halafu aende zake Buyenzi."

Basi siku ikafika. Asubuhi ndoa ikafungwa, masheikh wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Mchana uwanja wetu ukajaa, akina mama wamevaa, pilau inanukia, vijana wa bandarini wamebeba batri mabegani. Mustafa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akapiga nyimbo za kuchezeka, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheza. Halafu akafumba macho, na kelele zikaanza: "Sitaki chai yako!"

Riziki akainuka. Kiti mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, wanja amepaka, akapita katikati ya wachezaji na watu wakampisha. Akatua kiti mbele ya fundi. Akaonja chai kwanza, kila mtu aone, akamnyooshea.

"Kaa," akasema. "Kunywa."

Gitaa likanyamaza. Yarabi, nilikuwa nimejiandaa kushangilia kwa nguvu zangu zote, lakini niliuona uso wa fundi, na kigelegele kikanikwama. Yule mtu alikuwa ameishiwa. Alimwangalia Riziki, akakiangalia kiti, akakaa. Akanywa yote, bila haraka. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Murakoze, Mama Riziki," akasema. "Naaga."

Akaanza kuchomoa waya za gitaa.

Riziki alibaki ameshika kikombe. "Unakwenda wapi? Wimbo haujaisha."

"Si umenijibu?" Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi bila gitaa, na sauti ilikuwa ndogo, tukasogea wote. "Nimepewa kiti, nimepewa chai. Mgeni akishakunywa chai, iko anabaki na nini? Anaaga. Kila nikija kwako nakaa, nakunywa, na kikombe kikiisha sina sababu ya kubaki. Mimi nimechoka kuaga."

Nikasikia Vestine nyuma yangu anavuta pumzi, nikamwekea mkono mdomoni kabla hajasema kwamba yeye alishasema.

Sasa, mimi sikuwa nimekosea. Aliimba anakataa chai, na kweli alikuwa anakataa chai. Ila sikujua kama mtu mzima anaweza kupiga kelele namna ile kwa sababu akisema taratibu atatetemeka.

Riziki akamtazama fundi, na yule mtu hakuangalia viatu. Midomo ya wifi yangu ikaanza kucheza, nikadhani analia, kumbe anazuia kicheko na hawezi. Akashika mgongo wa kiti, akakivuta kwa nguvu, fundi nusura aanguke.

"Simama!" akafoka. "Nani amekwambia ukae? Watu wana njaa, sufuria la pilau limekwama jikoni, na wewe umekaa kama bwana arusi! Weka hilo gitaa! Nenda ukabebe!"

Wageni anawaambia karibu. Hivyo anafoka kwa watu wa nyumbani mwake peke yao, kwangu, kwa Jamali, kwa watoto wake wakija likizo. Akina mama wote waliijua sauti hiyo. Vigelegele vilipanda mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio, na changu kilitangulia, asikudanganye mtu. Aisha, bibi arusi mzima, akapanda juu ya meza. Vestine akanikumbatia akaniharibia kilemba.

Mustafa alikuwa amekwisha kukimbia. Alitoka jikoni ameshika sufuria kubwa la pilau, moshi usoni, shati jeupe lote masizi, meno yote nje, anapita mbio katikati ya watu. Jamali, aliyekuwa nje ya uzio akipokea wageni na hakuona lolote, akageuka akaliona sufuria lake linakwenda.

"We fundi!" akaita. "Wapi na pilau yangu?"

Na Mustafa akajibu kwa ile sauti yake ya roki, mishipa yote ya shingo imesimama, bandari nzima ikasikia:

"Nimetumwa, shemeji!"