Barua ya daktari ilikuwa mufukoni mwangu

Leo binti yangu amenishitaki kwenye biro ya permi, wanakotoa ruhusa ya kuendesha gari.

Neema ana miaka ishirini na tatu. Mwaka jana daktari aliandika kwamba ana usonji. Anataka permi ili apeleke ndagala, samaki wadogo wa mama yake, kwenye soko la Niemba kwa gari.

Mimi niliogopa: wakiona ile barua, watamukatalia. Kwa hiyo niliikunja, nikaitia mufukoni, nikajiona mwerevu.

Mukubwa wa biro akamuuliza Neema: "Mama, una ugonjwa wowote?"

"Sina. Nina usonji, lakini si ugonjwa. Barua iko kwa Papa, mufuko wa kushoto."

Niliitoa, nikamupa mukubwa. Akaisoma polepole mpaka chini. Jasho lilinifika kiunoni.

"Hii haimukatazi mutu. Tutamupima kwenye usukani kama wengine. Na hapa, nani amewaleta na gari?"

"Papa," Neema akajibu. "Permi yake imekwisha muda tangu miaka sita."

Gari limebaki pale. Tumerudi kwa miguu, Neema akiniuliza alama za barabara. Nimekosa tatu za kwanza.

Alhamisi tunapimwa wote wawili. Niombeeni, ndugu zangu. Yeye hana shida.