Ukuta wa Mawe Kando ya Laga

Sisi tuliokulia Lodwar miaka ile mvua ilipogoma hatuhitaji kusimuliwa njaa. Mbuzi walikufa mpaka fisi wakachoka kula. Maduka ya sokoni yalifungwa moja baada ya jingine, na watu wakamiminika mjini kutoka Lokori na Kainuk, ngozi za kulalia begani, watoto mgongoni.

Ndipo serikali na watu wa msaada wakasema chakula kipo, lakini cha kufanyia kazi. Mji utajengwa: barabara ya kwenda hospitali, mitaro ya sokoni, na ukuta mrefu wa mawe kando ya laga, ule mto mkavu ambao mvua ikinyesha milimani hushuka ghafla na kumeza nyumba. Mama yangu aliandikishwa kwenye kazi ya ukuta pamoja na jirani yetu, Mama Ekai.

Nakumbuka mlio wa nyundo juu ya mawe tangu alfajiri, kabla jua halijawa kali. Wanawake walibeba mawe kichwani, shanga zao zimejaa vumbi, wakiimba nyimbo za kusifu ng'ombe ambao hawakuwepo tena. Sisi watoto tukitoka shule tulikwenda kuponda kokoto, halafu tukateleza kwenye rundo la mchanga mpaka nguo zikatoboka. Jioni mtaa mzima ulinukia mahindi ya manjano yanayochemka. Yalikuwa magumu kama kokoto zenyewe, lakini hakuna aliyeuliza kama kuna chipsi. Wanangu leo jerikeni moja ya maji wanaiitia bodaboda.

Siku moja jiwe lilimponda Mama Ekai vidole viwili. Kesho yake akarudi, mkono umefungwa kitambaa. Msimamizi akamwambia apumzike.

"Nikipumzika, watoto watakula nini?" akamjibu, akainama kuokota jiwe kwa mkono uliobaki. Vidole vile havikunyooka tena.

Mvua iliporudi, laga ilijaa. Tulisimama mlangoni tukisikiliza maji yakinguruma. Yaliupiga ukuta, yakapita zake. Mama alisema neno moja tu, "Umesimama," akaingia ndani kuwasha moto. Miaka yote iliyofuata hatukuhama tena kwa kuogopa mafuriko.

Sasa nafundisha Kakuma. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, nikakuta lori limeegeshwa kando ya laga na vijana wanang'oa mawe ya ukuta ule kwa mtaimbo. Nikawasalimu, "Ejok," kisha nikauliza wanayapeleka wapi.

"Kuna mdosi anajenga hoteli," akasema mmoja wao, bila kuvua visikizio masikioni. "Hii mawe haina mwenyewe, mathe. Ilikuwa hapa tu."

Ilikuwa hapa tu! Nikaenda kumwita Mama Ekai, ambaye tangu mama yangu afariki ndiye mama niliyebaki naye. Akaja na fimbo yake, akaketi juu ya mawe, akawaonyesha vile vidole.

"Mwenyewe ni mimi," akawaambia.

Vijana wakatazamana. Dereva akawasha lori, wakaondoka.

Siku hiyohiyo nilikwenda ofisi ya kaunti. Afisa aliyenipokea alinisikiliza huku akipekua simu. "Huo ukuta umepitwa na wakati, madam. Kuna mpango wa kujenga wa kisasa." Nikamuuliza utajengwa lini. Akasema bajeti bado.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Kakuma, na lori nalo likarudi kwenye laga.

Mafuriko ya kwanza yalipita palepale palipoachwa wazi. Yalichukua nyumba ya Mama Ekai na mbuzi wake wote. Mwenyewe aliokolewa na majirani, akiwa amekumbatia nguzo ya umeme. Yule afisa alikuja na gari kubwa, kisha akasikika redioni akisema mafuriko ni mapenzi ya Mungu.

Mungu hakuja na mtaimbo. Enzi zile ofisi ilikuwa hema moja, na watu waliojenga hawakujua watakula nini kesho. Leo tuna kaunti, tuna wahandisi, tuna magari yenye kiyoyozi, na tumeshindwa hata kuyaacha mawe yakae pale mama zetu walipoyaweka.

Mama Ekai anaishi nami Kakuma siku hizi. Mvua ikianza kugonga mabati, huacha kula, akatega sikio.