Mvulana wa Boksi Aliyesukwa Nywele

Niliuza vitu vya watoto vya kuchezea mjini Machakos, na kazi hiyo niliijua, nisidanganye. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko, mabati machache na meza moja ndefu, na hapo mezani niliweka mpaka ambao sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Kushoto vya wavulana: magari, ndege, mipira, bunduki za maji. Kulia vya wasichana: madoli ya nywele za dhahabu, vikombe vya chai, visufuria, pasi zisizopata moto. Mteja akisimama, kabla hajamaliza kunisalimia, nishamuuliza, "Ni ya kijana ama ni ya msichana?" Akijibu, mkono wangu ulikuwa umeshafika upande wake.

Katoni zenyewe zilifika kutoka Nairobi zikiwa zimeshaamua. Boksi la lori lilikuwa la buluu, na juu yake mvulana wa kizungu amekumbatia lori, meno yote nje. Boksi la doli lilikuwa la pinki, na msichana wa kizungu anambembeleza doli alale. Hakuna mtu Machakos aliyewahi kuniuliza hao watoto ni wa nani. Tuliangalia tu kama kuna suruali au kuna gauni. Nakumbuka baba mmoja aliyetaka kumnunulia binti yake mpira wa buluu, nami nikamkatalia katakata. "Baba, huyo msichana utamharibu," nikamwambia, nikamfungia visufuria. Alinishukuru sana. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba alinishukuru.

Binti yangu alikuwa na miaka sita wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na shule zikifungwa alishinda nami kibandani. Alipewa jina la mama mkwe wangu, na kwetu Wakamba jina si mchezo: mtoto akipewa jina la mtu, basi ni yule mtu. Baba yake alimwita mama. Babu yake kule Mwala alimtania akimwita "mke wangu", na wakikutana anamuuliza mbona leo hajamletea chai. Hata mimi nikitaka kumgombeza, ilibidi kwanza nichague maneno.

Mtoto huyo alipenda malori ya mchanga kuliko chakula. Kwa nyanya yake mto hukauka ukabaki mchanga mtupu, na malori huja kuuchota, naye alikuwa akikaa ukingoni kutwa nzima anayatazama. Kwa hivyo Desemba ile nilipoleta malori ya kuchezea, mekundu, ya kuinua mgongo na kumwaga, la kwanza kutoka kwenye katoni lilikuwa mikononi mwake kabla sijageuka.

"Mama, hii ni yangu?"

"Weka chini. Hiyo ni ya vijana."

"Nani amesema?"

Nilikuwa na wateja watatu wanangoja. Nikamwonyesha boksi. "Unaona huyu? Huyu ni msichana?"

Alimtazama yule mvulana kwa muda. "Si msichana," akakubali, akaliweka chini. Nikajua yameisha.

Siku iliyofuata nilivuka barabara kununua chai, nikakuta foleni, nikachelewa. Niliporudi nilimkuta amekaa chini nyuma ya meza, kalamu ya biro mkononi, ncha ya ulimi nje, amefika boksi la tisa. Kila mvulana alikuwa amesukwa. Aliwachora mistari kichwani, nywele zikashuka hadi mabegani, akawatia hereni, na wengine akawavalisha marinda juu ya suruali. Ilikuwa kazi safi, hata mimi niliona. Aliinua uso akanitazama kwa furaha ambayo hadi leo naiona.

"Mama, sasa hata wasichana wanaweza kununua."

Nilimchapa. Sitalipamba jambo hilo. Krismasi ilikuwa imebisha hodi na bidhaa zangu zimechorwachorwa, na hasira zangu mimi hazijawahi kuwa mbali. Nilivua ndara mguuni nikamchapa nayo mbele ya watu, kisha nikamwambia neno lililokuwa baya kuliko ndara: "Wewe ni msichana wa aina gani?" Mama aliyeuza viatu kibanda cha pili akatikisa kichwa akasema, "Leo umemchapa mama mkwe wako." Watu wakacheka. Mimi niliyasukuma yale maboksi chini ya meza, nikayafunika na gunia.

Kuanzia hapo nikapata mtoto ambaye kila mzazi anamtamani. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hagusi kitu. Nikimuuliza anataka nini Krismasi, ananijibu chochote tu. Majirani wakanisifu kwamba mtoto ametulia, ameanza kuwa msichana mkubwa, nami siku mbili nzima nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu mteja alisimama mezani, na kabla sijafungua mdomo binti yangu akamuuliza, kwa sauti yangu mimi, kwa haraka yangu mimi, "Ni ya kijana ama ni ya msichana?" Mteja akamsifu. Nilitaka kumwambia nyamaza, lakini ningemwambia anyamaze kwa kosa gani?

Wiki hiyo baba yake akampeleka Mwala kwa likizo, nikabaki peke yangu na meza yangu. Nilijaribu kujiambia kwamba watoto husahau. Lakini yule hakuwa amenuna wala hakuwa na kisirani. Aliniaga vizuri, akanipa mkono. Mtoto wa miaka sita anampa mamake mkono.

Siku chache kabla ya Krismasi akaja mwanamke aliyekuwa akishona nguo kiwandani kule Athi River. Nilijua ni wa kiwandani kwa sababu alikuwa amesahau kuvua kitambulisho shingoni. Nikamuuliza swali langu, akasema ni ya msichana, nikaanza kumpangia madoli. Yeye akawa ameinama, anachungulia chini ya meza ambapo gunia lilikuwa limeteleza. Akavuta boksi moja, akalitazama, akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu amesukwa na nani?"

"Ni mtoto wangu," nikasema. "Aliniharibia yote hayo."

"Amekuharibia nini sasa? Nifungie hii. Kasichana kangu kakiona hizi nywele katajua ni kenyewe kamechorwa."

Akaenda zake na lori lake. Mimi nikainama kujifanya natafuta karatasi za kufungia, nikalia. Nililia kwa sababu mtu asiyemjua mtoto wangu alikuwa amemwelewa kwa dakika moja, na mimi niliyemzaa nilimwelewa kwa ndara.

Siku ya Krismasi nilifika Mwala na boksi moja chini ya kwapa. Mama mkwe alinipokea langoni. "Umekuja kunimalizia?" akaniuliza. "Nimesikia ulinichapa huko mjini."

"Nisamehe, mama."

"Mimi sina neno," akasema, na sasa hakuwa akitania. "Yule mwenzangu ndiye aliumia. Ako pale."

Alikuwa amekaa barazani na gauni safi, miguu pamoja. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango, na mume wangu na ndugu zake walikuwa wakichoma nyama upande ule. Nikampa boksi. Alilitazama, akaitambua kazi ya mkono wake, akapitisha kidole juu ya zile nywele. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mama, hii ni ya vijana."

"Nani amesema?"

"Wewe."

"Nilisema vibaya, mama. Nilikosea."

"Hapana," akasema taratibu, kama mtu anayenituliza. "Mimi ndio nilikuwa mbaya."

Nikararua boksi, nikalitoa lori, nikapiga magoti uwanjani. Sasa inafaa ujue kwamba kwetu mke wa mtoto hajiachii mbele ya baba mkwe. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi hata kula mbele ya mzee yule. Nikipita alipo, leso imefungwa vizuri na macho nimeyainamisha. Siku hiyo nilitambaa kwenye vumbi na nguo ya Krismasi, makalio juu, nasukuma lori na kunguruma kwa mdomo. Wachoma nyama wakageuka. Mume wangu akakohoa. Nilijua wote wananitazama na nilijua nikisimama sasa sitapiga magoti tena, na mtoto wangu atabaki pale barazani na miguu yake pamoja maisha yake yote.

Nikasikia kiti kikiburutwa. Mzee alikuwa amesimama. Aligeuza kiti chake, akakaa tena akiwa ametupa mgongo, uso kwenye zizi.

"Mimi niko na mbuzi za kuangalia," akasema.

Mungu amrehemu mzee yule. Nikaendelea. Nilijaza mchanga kwa viganja, nikaendesha, lori likainua pua na kumwaga kabla ya wakati. Nikajaza tena, likamwaga tena. Vidole vidogo vya miguu vikatokea karibu na mkono wangu.

"Mama, unapakia vibaya. Ukiweka yote nyuma, mbele inainuka."

"Basi nionyeshe."

"Siwezi. Mimi ni msichana."

"Na mimi ni nini?"

Alinitazama magoti, akatazama gauni langu lililokuwa na vumbi hadi kifuani, akanitazama usoni ambako nilikuwa nimeanza kulia tena bila kujificha. Alifikiria jambo hilo kwa makini, kwa sababu yeye ni mtu wa kufikiria, nami nikangoja. Sijawahi kumngoja mtu yeyote namna ile.

Kisha akakusanya gauni lake, akalibana katikati ya mapaja, akachuchumaa.

"Sogea," akasema. "Hapo ndio dereva anakaa."

Nikasogea.