Chuimilia wa Bi Ottilie

Mchana kutwa Bi Ottilie Branscombe alishona glavu kiwandani hapa Newark. Jioni, kwa kalamu, alimlea Goru, kijana wa hadithini aliyekuzwa na fisi huko Afrika. Afrika yenyewe hajaikanyaga. Fisi pekee aliyemjua ni yule wa makumbusho, aliyejazwa majani makavu, jicho moja limemtoka. Lakini ukimsoma unasikia harufu ya mzoga. Mimi chuo nilikiacha njiani, na hakuna profesa aliyewahi kunifanya niunguze mboga kwa kusoma. Yeye aliniunguzia sufuria mbili.

Jarida letu la hadithi, nilikokuwa msahihishaji, lilikuwa na desturi yake: picha ya jalada huchapwa kwanza, kisha mwandishi ahangaike kuifuata. Baridi ile mchoraji akatuletea Goru akishikana mieleka na chuimilia. Chuimilia, mnyama wa Bara Hindi, Afrika! Na majalada yalikuwa yameshatoka mtamboni.

"Huyo mnyama aingie hadithini, na wasomaji wasinicheke," mhariri, Bwana Pruett, akamwambia Bi Ottilie. "Ukishindwa, Ijumaa Goru nampa Lomax amwandike yeye."

"Lomax atamvalisha suruali na kumwoza."

"Basi mwoze wewe mapema."

Nilimsindikiza hadi kituo cha tramu. "Sema meli ya sarakasi imevunjika pwani," nikamshauri.

"Hilo hata Lomax analiweza. Nyamaza, nusu msomi."

Ijumaa akaleta hadithi. Meli ilivunjika kweli, ila chuimilia wake alizaliwa kizimbani, akanyweshwa chupa na mke wa mwenye sarakasi. Akimwona swala, anaketi kungoja akatiwe nyama. Mtu aliyelelewa na wanyama anamkuta mtoni mnyama aliyelelewa na watu, mbavu nje kwa njaa. Ile mieleka ya jaladani si vita hata kidogo: Goru anamfundisha kukaba koo.

Pruett alisoma amesimama, koti mwilini. Alipofika katikati akauliza bila kuinua macho, "Anakufa?"

"Nani?"

"Chuimilia, mama, nani mwingine?"

"Ungependa afe?"

"Thubutu." Akavua koti, akaketi, akaendelea kusoma. Kisha akanigeukia. "Wewe, kamwambie Lomax aende zake nyumbani."

Lomax alikuwa kwenye korido, amevaa tai mpya. Sijawahi kutumwa nikakimbia vile.