Kompyuta Yenye Hadithi za Baba

Siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Jumamosi nilipobonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta ya nyumbani kwetu Area D, nayo ikakataa kuamka. Taa yake iliwaka, feni ikanguruma, maandishi meupe yakatokea kwenye kioo cheusi, kisha ikajizima na kuanza upya. Ikafika palepale, ikajizima tena. Nilijaribu tena na tena, halafu nikalia.

Usinicheke, kwanza nikueleze. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, biashara zilipofunguliwa na bidhaa za kila namna zikaanza kufika Dodoma, mpya na zilizokwishatumika. Kaka yangu Ndahani, aliyekuwa karani serikalini, alijinyima akanunua kompyuta kuukuu, tukaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa kwa sababu ya vumbi letu unalolijua. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo na sijapata kazi, kwa hiyo ndimi niliyeitumia zaidi.

Baba yetu alikuwa mwalimu mstaafu, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia wazi kwamba presha ya macho imeharibu sehemu kubwa, na kilichopotea hakitarudi. Baba hakulalamika. Alisema tu kwamba zile hadithi za Kigogo alizopewa na bibi yake hakuna mwingine anayezijua zote, na hataki kuondoka nazo. Basi ikawa yeye anasimulia, mimi naandika kwenye kompyuta. Tulianza wakati wa palizi, na mtama ulipovunwa bado tulikuwa tunaendelea. Mara nyingine alinyamaza katikati, akaimba kipande cha wimbo, akaniambia nikiandike kama kilivyo, nisikinyooshe.

Hakukuwa na nakala nyingine popote. Disketi tuliyokuwa nayo iliharibika, nasi tukasema tutanunua nyingine. Tutanunua, tutanunua. Unajua maneno ya namna hiyo yanavyokwenda.

"Kaka, umeigusa kompyuta?" nilimuuliza Ndahani asubuhi ile.

"Sijagusa kitu," akajibu bila kunitazama. Akavaa viatu akatoka, nami nikamfuata kwa maneno mpaka getini, majirani wakisikia.

Nikaenda mjini kumleta fundi. Aliiwasha, akaitazama ikijizima, akasema, "Dada, dawa yake ni kufuta kila kitu, niweke upya. Itakuwa kama mpya."

"Na maandishi yaliyomo?"

"Hayo ndiyo basi tena."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. "Asante, fundi," akasema. "Leo usifute kitu. Bado hatujajua inaumwa nini."

Fundi alipoondoka nikamgeukia Baba. Nikamwambia Ndahani ndiye aliyeiharibu, uso wake ulionyesha, na akirudi atanitambua.

"Perisi," Baba akasema, "unataka Ndahani aaibike, au unataka kompyuta iwake?"

"Nataka vyote viwili."

Baba akacheka. Hadithi zake zote zimo humo, na anacheka! "Chagua kimoja kwanza," akasema. "Ukimtisha atazidi kuficha, na hicho anachokificha ndicho tunachokihitaji."

Ndahani alirudi wakati wa chakula cha mchana. Alimwamkia Baba shikamoo kwa sauti ndogo, akataka kupita kwenda chumbani.

"Marahaba. Hebu kaa hapa," Baba akamwambia. "Sikuiti kwa ugomvi. Mimi sioni. Katika nyumba hii nadhani wewe ndiye uliyekitazama kile kioo mara ya mwisho kikiwa kizima. Kiliandika nini?"

Ndahani akakaa. Nikaanza kufoka, Baba akainua mkono kunizuia, na mkono ule ukabaki juu mpaka kaka yangu alipoanza kusema.

Alisema kwamba jana yake alinunua sidii kwa mtu aliyetandika bidhaa chini karibu na soko. Mtu yule alimwapia kwamba programu iliyomo inaifanya kompyuta ya zamani iende kasi. "Nilikuwa namwona Perisi anaisubiri ifungue ukurasa mmoja mpaka anasinzia," akasema. "Nikataka nimfurahishe." Wakati wa kuiweka, kompyuta ilimuuliza kama iondoe faili moja la zamani na kuweka jingine. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, akabonyeza ndiyo. Kisha ikajizima. Alipomaliza kusema alikwenda chumbani, akarudi na ile sidii ameishika kwa vidole viwili.

Mwanangu, hasira yangu yote ilikosa mahali pa kukaa. Kumbe nilikuwa nimemtukana mtu mbele ya majirani kwa jambo alilolifanya akinionea huruma.

Baba alimtuma Ndahani mwenyewe amwite Bi Rehema, jirani yetu aliyehamia kutoka Tanga, mwalimu wa kompyuta kwenye chuo kidogo cha mjini. Alikuja na mkoba wake, akakaa, wala hakuigusa kompyuta. Aliuliza kwanza, "Mara ya mwisho ilipowaka vizuri ilikuwa lini, na baada ya hapo mliweka nini?"

Ndahani akaeleza kila kitu.

"Umenipunguzia kazi," Bi Rehema akasema. "Kila inapowaka, inaiita na hii programu mpya, na hapo ndipo inapokwama. Sasa tutaiambia iamke na vile vya lazima tu."

Akaiwasha huku akibonyeza kitufe kimoja cha safu ya juu. Ikatokea orodha fupi, akachagua. Tukangoja. Kioo kikafunguka, picha zikiwa kubwa na rangi zimefifia, lakini kimefunguka! Nikapiga kigelegele.

"Bado, bibie," akanituliza. "Kwanza tuyatoe maandishi ya mzee. Hayo mengine baadaye."

Akatoa disketi mpya mkobani, akanakili hadithi zote. Ndipo akamwambia Ndahani akae kwenye kiti. "Wewe uliyeiweka, njoo uiondoe. Nitakuonyesha." Ndahani akaiondoa, jasho likimtoka. Tukaiwasha upya. Ikagoma palepale.

Bi Rehema akamuuliza Ndahani kama anakumbuka jina la lile faili lililoondolewa. Akalikumbuka, kwa kuwa alikuwa amelala akiliwaza. Bi Rehema akaenda chuoni, akarudi na sidii halali ya programu kuu ya kompyuta, akalirudisha faili lile mahali pake. Tukaiwasha tena. Safari hii iliamka na rangi zake zote.

"Zipo?" Baba akauliza.

"Zipo, Baba."

"Nisomee."

Nikamsomea ile ya msichana aliyeifuata mvua, na Ndahani akauimba wimbo wake. Tulimaliza kuziandika zote kabla mvua za mwaka ule hazijaanza. Macho ya Baba yalikwisha kabisa baadaye, lakini aliishi hadi tulipozichapa kuwa kitabu chembamba, akakipapasa ukurasa kwa ukurasa. Ndahani naye alijifunza kwa Bi Rehema, na mpaka anazeeka alikuwa na duka lake la kutengeneza kompyuta pale Nkuhungu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kitu kikikugomea, iwe mashine, kazi au ndoa, usiwe mwepesi kufuta kila kitu ili uanze upya. Kaa chini ukumbuke mara ya mwisho kilipokuwa kizima, na kilichoingia baada ya hapo. Okoa kwanza kile kisichopatikana dukani, mengine yatafuata. Chenye thamani kiwekee nakala leo, usiseme kesho. Ukiulizwa jambo usilolielewa, usibonyeze ndiyo kwa haraka. Na aliyeharibu usimfukuze, kwani mara nyingi ndiye peke yake aliyeona kilichotokea. Ukiwa wewe ndiye uliyeharibu, sema mapema.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi wa taratibu. Akujalie nyumba ambayo mtu anaweza kuingia, akasema "nimeharibu", na akakaribishwa kiti.