Juisi ya Mgonjwa wa Kisukari

Juzi dukani Katesh, bibi mmoja kutoka Dirma, aliyesimama kwa magongo, aliomba kinywaji kinachomfaa mgonjwa wa kisukari. Muuzaji akampa juisi ya chupa yenye picha ya maembe.

"Hii haina shida, bibi. Sukari gramu kumi tu."

Mwalimu aliyekuwa kwenye foleni akaichukua, akaisoma. "Shikamoo, bibi. Ni gramu kumi kwa kila mililita mia moja. Chupa hii ina mia tano."

"Marahaba. Hiyo yote ni vijiko vingapi vya chai?"

"Kama kumi."

Bibi akamgeukia muuzaji. "Nipimie vijiko kumi vya sukari hapa kwenye gazeti."

Muuzaji akapima huku akicheka. Bibi akamsukumia muuzaji ile sukari kwa kidole kimoja.

"Kula."

"Yote hii, bibi?"

"Si ulitaka niile mimi? Mguu mmoja wameshaukata. Huu uliobaki siutoi."

Akanunua maji, akaondoka.

Simlaumu muuzaji, alisoma alichokiona. Lakini aliyeandika ile lebo alijua vizuri kwamba hakuna anayekunywa mililita mia moja kisha akafunga chupa.