Breki ya Upande wa Pili

Siku Kimya alipomwona Mwalimu kwa mara ya kwanza, Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria cha gari dogo jeupe, anasoma gazeti, na gari lenyewe lilikuwa linatembea. Aliyeshika usukani ni mama mmoja wa makamo, jasho linamtoka utadhani anakimbizwa. Gari lilizunguka uwanja wa shule ya udereva, likaelekea moja kwa moja ukutani. Mwalimu hakuinua macho gazetini. Alisogeza mguu tu, na gari likasimama hatua mbili kabla ya matofali.

"Ukuta huo tumeukuta," alisema, akafunua ukurasa, "na tutauacha."

Kimya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Jina hilo alipewa gereji, kwa sababu asubuhi aliamkia, jioni aliaga, na katikati hapo ulisikia spana tu. Aliishia darasa la saba. Injini aliweza kuishusha na kuipandisha kabla jua halijafika utosini, lakini kuendesha mbele za watu hakuweza. Akijua kuna jicho linamtazama, miguu inageuka magogo. Mwenye gereji alichoka kumwona fundi wake akiyatoa magari ya wateja kwa kuyasukuma, ndipo akamwambia aende akajifunze.

"Umekuja kujifunza au kuhesabu kokoto?" Mwalimu alimuuliza, maana kijana alikuwa ameinamisha kichwa tangu getini.

"Kujifunza, Mwalimu."

"Haya, panda. Tunaanza na rivasi."

Shule nyingine zote zilianza na gia ya kwanza. Yeye alianza na kurudi nyuma, na ukimuuliza sababu alikuwa na jibu moja: "Kwenda mbele hata jiwe likiwa mlimani linajua. Kabla hujaenda mbele, ujue utarudije." Na chini ya kiti chake cha abiria kulikuwa na pedali ya pili ya breki, imesuguliwa na kiatu chake mpaka inang'aa kama sarafu. Kila mwanafunzi aliyeanza kutetemeka aliambiwa maneno yale yale: "Usiogope. Breki ninayo mimi."

Kimya alishindwa mtihani mara mbili. Si kwamba hakujua. Siku ya mtihani kiti kile cha abiria alikikalia askari wa usalama barabarani, na askari hakusema kwamba breki anayo yeye. Mara ya tatu Mwalimu alikwenda kusimama nje ya uzio, mahali ambapo Kimya angeona kofia yake kwenye kioo cha pembeni. Akafaulu.

Tangu hapo akawa mtoto wa nyumbani kwa Mwalimu. Magari matatu ya shule aliyatengeneza yeye, mwaka baada ya mwaka. Naye akapata gereji yake, mke, watoto, na mvi za masikioni. Magari yalipoanza kuja na kompyuta, alinunua laptopu ya mtumba na daftari la mistari. Upande mmoja wa ukurasa aliandika neno la Kiingereza alilolikuta kwenye skrini, upande wa pili kazi yake, alivyoigundua mwenyewe kwa kujaribu. Madaftari yakafika matano. Wenye magari ya kasi wakaanza kumfuata, nao wakiongea sana yeye aliingia chini ya gari.

Mwalimu alipostaafu, aliuza magari yote matatu ya shule akanunua moja: la bluu iliyokolea, limelala chini kama paka anayevizia, mabomba mawili ya moshi nyuma. Mtaa mzima ulitoka nje kuangalia.

"Jamani, huyu mume wangu," mkewe aliwaambia majirani, mikono kiunoni. "Ameuza magari matatu ya kujifunzia akanunua moja la kujiulia!"

Mwaka mzima aliliendesha kama amebeba mayai. Kisha Jumatatu moja alifika gereji, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, nataka ile programu vijana wanayoiita lonchi."

Kimya alidhani amesikia vibaya. Programu ile huingizwa kwenye kompyuta ya gari ili liondoke kwa nguvu zake zote. Dereva anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, anakanyaga mafuta mpaka sakafuni kwa mguu wa kulia, na kompyuta inaishikilia injini kwenye mizunguko elfu nne, imejaa hasira. Ukiachia breki, gari linaruka. Gari la Mwalimu halikuwa na pedali ya klachi. Klachi zake ziliendeshwa na kompyuta, lakini kiwandani halikuwekewa ufundi huo.

"Mwalimu," Kimya alisema taratibu, "breki na mafuta kwa pamoja?"

"Najua."

"Ulinipiga kofi la mkono kwa hilo."

"Na nitakupiga tena ukirudia barabarani." Mwalimu alikaa juu ya tairi. "Nimejaribu mwenyewe bila programu. Mguu unakataa. Nauambia kanyaga, wenyewe unabembeleza. Mguu wangu una adabu kuliko mimi."

Wakacheka. Kisha Mwalimu akatazama kofia yake. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho, nayo hairudi nyuma. Mwisho wa mwezi angekabidhi leseni, na mkewe alishaahidiwa kwamba gari litauzwa siku hiyo hiyo. Lakini Jumamosi ya mwisho kulikuwa na mashindano kwenye uwanja wa ndege wa zamani, gari moja moja, mstari ulionyooka, hakuna kona.

"Miaka thelathini na moja nimekaa upande wa breki," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kusimamisha. Nataka kuondoka, mara moja tu."

Kimya alifuta mikono kwa tambara. Aliingia ndani akachukua daftari la tatu.

Walipanga Jumanne, nyumbani kwa Mwalimu, uani. Jambo la kwanza Kimya alilofanya ni kusoma programu ya zamani yote na kuihifadhi, saa nzima, huku Mwalimu akiuliza kama bado. Baada ya hapo akaunganisha chaja kwenye betri, maana programu mpya ikiandikwa umeme haupaswi kuyumba hata kidogo. Ufunguo uwe umewashwa, injini imezimwa, na mtu asiguse kitu. Skrini ikaandika: dakika kumi na nane.

"Kaa hapo, Mwalimu. Usiguse chochote."

"Mimi ni mtoto?"

Shida ilikuwa plagi. Tundu la umeme la jikoni lilikuwa limelegea, waya ukining'inia chaja inakatika. Basi Kimya aliingia jikoni akaishika plagi kwa mkono, macho dirishani, akimtazama Mwalimu garini. Asilimia hamsini. Asilimia hamsini na tano. Mama, mke wa Mwalimu, alikuwa anachuja chai. Hakujua lolote kuhusu asilimia. Alitoa kichwa mlangoni akaita:

"Mzee! Chai tayari!"

Mwalimu akafungua mlango wa gari. Na katika shule yake, sheria ya kwanza kabisa, kabla ya vioo, kabla ya mkanda, ilikuwa kwamba mwalimu hashuki garini akaacha ufunguo. Miaka thelathini na moja mkono wake ulikuwa umeitii sheria hiyo bila kumuuliza mwenyewe. Kimya aliuona mkono ule ukienda. Aliuona wazi, kupitia dirishani, hatua sita tu. Neno lilipanda, likafika kooni, likakaa. Alikuwa hajawahi kumpazia Mwalimu sauti, na hakujua inaanzia wapi. Mkono ukazungusha ufunguo, ukauchomoa.

Mwalimu akaja jikoni, ufunguo unaning'inia kidoleni. "Mbona umeshika ukuta kama unataka kuanguka?"

Programu ilikuwa imekatika katikati, na gari lilikuwa limekufa. Taa na honi zilikuwepo, lakini injini haikuitika, wala laptopu haikuiona kompyuta ya gari. Mwalimu alipoelewa alichofanya aliketi kizingitini, na chai ikapoa mkononi. Mama aliuacha mzaha wake wa kila siku. Alikaa karibu naye.

"Nimeliua," Mwalimu alisema.

"Tumeliua," Kimya alisema. "Nilikuona. Nilishindwa kuita."

"Ulishindwa kuita?"

"Niliona aibu."

Mama akamgeukia. "Mtoto wewe! Una miaka arobaini na saba! Nyumba ingeungua ungetuandikia barua?"

Hapo Mwalimu akacheka kidogo, na kicheko kile kikampa Kimya nguvu ya kusema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Programu ya zamani ameihifadhi. Atakitoa kisanduku cha kompyuta, atakifungua, ataunganisha nyaya moja kwa moja ndani na kuirudisha. Hajawahi kufanya, lakini ameiandika hatua kwa hatua kwenye daftari la tano. "Kabla hujaenda mbele..." alisema, akaishia hapo.

"Ujue utarudije," Mwalimu akamalizia, akitazama chini. "Basi kumbe ulikuwa unasikia."

Siku mbili Kimya hakupokea mteja. Aliunga nyaya nyembamba kama unywele, akakosea, akaanza upya. Alhamisi alasiri alikirudisha kisanduku garini, akawasha, na injini ikaitika. Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma aligeuka haraka kuangalia uani kwa jirani.

Ijumaa wakarudia programu mpya. Safari hii plagi ilifungwa kwa kamba, na kwenye kiti cha dereva alikaa Mama, mikono kifuani. "Mtu akiusogelea ufunguo huu," alisema, "namng'ata." Mwalimu alikaa mbali, kwenye kigoda, amekalia viganja vyake mwenyewe. Dakika kumi na nane zikaisha. Skrini ikaandika neno ambalo Kimya alilijua bila daftari.

Jumamosi watu walikuwa wengi, mia tatu au zaidi, wamejipanga pande zote za njia ya ndege. Mwalimu aliingia upande wa dereva, na Kimya akakaa upande wa abiria kumkumbusha hatua. Mwalimu akafunga mkanda, akasogeza kiti, akaweka sawa kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Nyuma yao mtu akapiga honi.

"Acha apige," Mwalimu alisema. "Huyo hakusoma kwangu."

Wakasogea kwenye mstari. Mwanzishaji alisimama mbele, kushoto kidogo, ameinua bendera. Mwalimu akaangalia. Akapangusa miwani, akaangalia tena.

"Bendera iko wapi?"

"Ile pale, Mwalimu. Mkono wa yule mwenye fulana ya njano."

Mwalimu akaegemea usukani. "Watu nawaona," alisema mwishowe. "Bendera siioni."

Akazima gari. Akachomoa ufunguo. Akashuka, akazunguka mbele ya gari polepole mbele ya umati wote, akafungua mlango wa Kimya. "Shuka. Nenda kule."

Kimya aliona magogo yanarudi miguuni. "Mwalimu, siwezi. Watu wote hawa."

"Watu wamekuja kuangalia gari. Wewe nani anakujua?"

"Lakini ilikuwa siku yako."

"Nilisema nataka kuondoka. Nilisema nataka kushika usukani?" Akampa ufunguo. "Usiniaibishe. Vioo kwanza."

Kimya akaingia upande wa dereva, Mwalimu akakaa wa abiria. Alikuta kiti kina joto. Aliweka vioo, na alipotazama kile cha kushoto akaiona kofia ya Mwalimu pembeni yake. Akakanyaga breki. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na injini ikapanda ikashikwa pale pale juu, gari zima linatetemeka, meno yanagongana. Mwalimu alikuwa ameshika goti lake mwenyewe. Alisogeza mguu chini ya dashibodi, akatafuta, akasogeza tena. Hakukuwa na pedali. Wakatazamana.

Bendera ikashuka. Kimya akaachia.

Kilichofuata hakuweza kukieleza vizuri hata kwa mkewe. Mgongo uligandamizwa kwenye kiti, njia ikawa nyembamba kama kamba, na watu mia tatu wakawa rangi tu pembeni. Alichokisikia, juu ya kelele za injini, ni sauti ya Mwalimu ikipiga ukelele kama wa mtoto kwenye bembea, na katikati yake, kwa mazoea, "Vioo! Vioo!"

Walisimama mwisho wa njia, vumbi likawapita. Mwalimu alikuwa hana kofia. Ilikuwa kiti cha nyuma. Kwenye zulia la miguuni mwake kulikuwa na tundu, saizi ya kisigino.

"Breki ya upande huu mbovu," alisema akihema. "Nimekanyaga mara nne, haijashika."

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyapangusa.

Gari liliuzwa wiki ile ile, na aliyelinunua aliuliza juu ya tundu la zulia, akaambiwa ni panya. Macho ya Mwalimu yalipoteza nuru taratibu, kama daktari alivyosema. Kila Jumapili Kimya alikwenda kumchukua na gari lake la kazi, wakazunguka mjini mwendo wa mayai. Mwalimu alikaa upande wake wa siku zote, mguu wa kulia umenyooka mbele, na kila makutano aliyatambua kwa kusikia. "Hapa kona kali," alisema. "Hapa pana kituo cha mafuta, punguza." Hakukosea hata mara moja.

Jumapili ya mwisho ilikuwa kama nyingine. Alhamisi iliyofuata Mama alipiga simu kwamba Mwalimu amefariki, na Kimya akasimama katikati ya gereji, simu sikioni. Lakini Jumapili ile walikuwa wamerudi mapema, wamekunywa chai, na ilibidi Kimya atoke getini kwa rivasi. Majirani walikuwa wamekaa barazani pande zote mbili wanaangalia. Mwalimu alitoka na fimbo yake kumfungulia geti, akalishika kama mlinzi, uso ameuelekeza injini inakolia. Kimya akashusha kioo, akasita. Akamuuliza kama amrudishe ndani kwanza, geti atalifunga Mama.

Mwalimu akapapasa mpaka akaupata mlango, akapiga bati mara mbili kwa kiganja.

"Nenda, mwanangu. Breki unayo wewe."